Nyavu ya matabaka matatu hailazwi baharini Ijumaa: yaliyotupata sisi Msambweni

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo. Wengine, habari za kwenu.

Mimi ni msomaji wa jukwaa hili la uvuvi siku nyingi. Huwa napita kimya kimya, nasoma, nacheka na vituko vyenu, naondoka. Leo nimekuja kuandika kwa sababu nina hasira, na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nitakayoyasema ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, maana ufuo wetu ni mdogo na kila mtu ni shemeji ya mtu.

Kama nitaandika kwa ukali mtanivumilia. Sikuja kubembeleza mtu hapa.

Mimi ni mama karanga. Kwa wenzetu wa bara wasiojua, ni sisi wanawake tunaongoja boti zitue, tunanunua samaki, tunakaanga na kuuza kando ya barabara. Mikono yetu inanuka samaki hata siku ya Idi. Niiteni Mwanasha.

Nina ndugu yangu wa tumbo moja, mdogo wangu, tumwite Nasoro. Nasoro ni mpiga mbizi. Alikuwa akizamia kamba mawe, wale wakubwa wanaotakiwa na mahoteli kuanzia Diani mpaka Galu. Hana mtungi wa hewa wala nini. Ni miwani, pumzi yake na Mola wake.

Kazi hiyo ikamla sikio.

Likaanza kuvuja maji, kisha damu, kisha akawa akilala anasikia mlio. Tukampeleka kwa daktari Ukunda. Akatazamwa, akaambiwa ngoma ya sikio la kushoto imepasuka na imejiunga vibaya, na la kulia nalo limeanza kuchoka. Akizamia tena kina kirefu, la kushoto litapasuka na halitapona.

Daktari hakuzunguka. Alimwambia achague, kuzamia au kusikia.

Sasa Nasoro si mtu wa kumweka dukani. Tulimjaribisha bodaboda, mwezi haukwisha akairudisha kwa mwenyewe. Yeye akiamka asione maji, siku nzima hana raha, na walio karibu naye hawana raha vile vile.

Ndipo mimi nikaja na wazo la nyavu ya matabaka matatu. Nyavu unaitega ukiwa ndani ya boti. Huzamii.

Nieleze kidogo kwa wasioijua, maana humu naona watu wanazichanganya.

Ni nyavu tatu zilizoshonwa pamoja kwenye kamba moja ya juu na kamba moja ya chini. Mbili za nje zina macho makubwa, ngumi yapita bila kugusa. Ya kati ina macho madogo, nayo ni kubwa kuliko zile za nje, kwa hivyo inaning'inia legelege katikati. Samaki anapita jicho kubwa bila habari, anaisukuma ile ya kati, anatokeza nayo kwenye jicho kubwa la upande wa pili. Hapo ameshajitia mfukoni mwenyewe.

Kazi yote iko kwenye ule ulegevu. Ukienda kununua, shika ile ya kati uivute. Ikikaza hapo hapo, mrudishie mwenyewe, hiyo ni ukuta, samaki ataigonga na kwenda zake.

Muuzaji mmoja wa mjini alitaka kunipa yenye tabaka la kati la plastiki, ule uzi mmoja unaong'aa. Ati ndiyo ya kisasa. Ile imepigwa marufuku na alijua! Nilimwambia, "Kaka, unaniuzia nyavu ama unaniuzia kesi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwisho tulishonewa na fundi wa upande wa Shimoni, uzi wa kusokotwa, risasi za kutosha chini ili isimame kwenye mchanga, na maboya machache juu. Maboya yakizidi inanyanyuka, samaki wa chini wanapita uvunguni.

Na msiitege juu ya matumbawe. Itege kwenye mchanga, kati ya mwamba na majani ya bahari, pale samaki wanapopita wakienda kula. Tega maji yakiwa mafu, mkondo hauna nguvu. Wakati wa bamvua, maji yakijaa na kutoka kwa nguvu, mkondo unailaza chini na kuijaza takataka, utashinda siku nzima ukichambua.

La mwisho na ndilo kubwa: ukiitega usiende mbali. Hii nyavu haichagui. Kila kinachoigusa kinashikwa, na kila kilichoshikwa kinajisokota na kufa. Unaitia, unakaa hapo hapo kidogo, unaitoa.

Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuvunja.

Kabla ya kuitia majini tulikwenda kwa kamati ya ufuo. Nyavu ya aina hiyo ilikuwa ngeni kwetu. Wakaikagua, wakaivuta, wakaipima macho, wakatupa ruhusa ya majaribio mpaka mwisho wa msimu. Sharti likawa moja: ikitegwa inavyotakiwa na bado ikaua kasa au ikavunja mwamba, inaondoka ufuoni.

Mimi na Nasoro tukakubali. Sharti zuri hilo, sina ugomvi nalo hata leo.

Boti hatukuwa nayo. Tukashirikiana na mzee mmoja, tumwite Nahodha Mbwana. Boti yake, nyavu yetu, samaki tunagawana. Ni mtu mzima, mtega malema, ile mitego ya kusuka, tangu ujana wake, na kila mtu anamheshimu. Tena yeye ndiye msimamizi wa mayai ya kasa pale kwetu. Kasa akitaga, yeye ndiye anayezungushia vijiti na kufukuza mbwa. Wageni wakija, yeye ndiye wa kupigwa picha.

Wallahi msimu ule ulianza vizuri. Tafi, changu, pono, na mara nyingine hata kamba mawe walikuja wenyewe. Nasoro alikuwa akicheka, "Dada, kumbe hawa jamaa wanakuja wakiitwa! Mimi nilikuwa nikiwafuata majumbani kwao kwa nini?"

Siku moja kasa mchanga alinasa. Nasoro alikuwa pale pale, akaona boya linatikisika, wakavuta, wakamfungua mzima, akaenda zake. Ndiyo maana ya kukaa karibu. Sikio nalo likaacha kuvuja, na mkewe akaanza kumsemesha kwa sauti ya kawaida.

Kisha shangazi yetu akafariki Lunga Lunga.

Tulipata habari Jumatano, tukaondoka wote, mimi na Nasoro na mama. Nyavu ikabaki kwa Nahodha.

Sasa hapa wageni wa pwani mnielewe. Kwetu Ijumaa boti hazitoki. Ni siku ya sala, watu wanaoga, wanavaa kanzu, wanakwenda msikitini. Ni ada njema na mimi sina neno nayo. Wenye malema wanayaacha baharini tangu Alhamisi na kwenda kuyatazama Jumamosi, na hayana shida. Samaki aliyeingia kwenye lema anaogelea humo ndani, anakula chambo, anakungoja. Ukija unamkuta mzima.

Lakini nyavu ya matabaka matatu si lema!

Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu nikiwa na mkoba begani. "Ami, Alhamisi usiitie. Na ukiitia, usirudi pwani bila yake."

Akanijibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa nikitega hujazaliwa."

Haya.

Jumamosi tuko matangani, simu ikalia. Ni mama karanga mwenzangu. "Mwanasha, rudini. Nyavu yenu imeua kasa."

Tulifika mchana. Kasa alikuwa amefunikwa makuti, mkubwa, watu wa wanyamapori wameshaitwa wako njiani. Nyavu imetupwa kando kama kitambaa cha kudekia. Samaki walishafukiwa.

Nahodha alikuwa ameshawapa kamati maelezo yake. Alisema hivi, na nimeyasikia kwa masikio yangu alipoyarudia: "Tumeitia leo alfajiri, tukaitoa jua likichomoza. Hata kwa muda huo mdogo imeua. Nyavu hii haifai, ni adui wa kasa."

Wakuu, mimi nashika samaki kila siku ya Mungu. Samaki wa alfajiri namjua, na samaki aliyelala siku mbili namjua. Nilichutama nikaishika ile nyavu. Ilikuwa na miiba mitupu ya samaki walioliwa na kaa, nyama imeshikamana na uzi kama uji uliogandia sufuriani, na harufu ya kukutoa machozi. Nyavu iliyokaa saa mbili hainuki vile!

Nikasema. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu. Mwenyekiti akanitazama akaniambia, "Bi Mwanasha, hukuwapo."

Kweli sikuwapo. Pua ilikuwapo, lakini pua ya mama karanga haihesabiki kuwa shahidi.

Nyavu ikapigwa marufuku hapo hapo.

Naona kuna ndugu ameshaandika hapo chini kabla sijamaliza, ati mbona hatukuwauliza mabaharia wake. Tuliwauliza. Alikuwa na wawili, na wote wawili wameoa kwake. Kwetu mtu hamwaibishi mkwewe hadharani, hata umpe nini. Mmoja alitazama bahari, mwingine akasema anaitwa nyumbani.

Mnaelewa uongo ule ulifanya nini? Kama Nahodha angesema, "Niliilaza, nimekosea," kosa lingekuwa lake, nyavu ingebaki na masharti makali, na Nasoro angebaki ndani ya boti. Aliposema imeua kwa muda mdogo, akaigeuza nyavu kuwa mwenye kosa. Neno moja alilolikwepa likamrudisha ndugu yangu chini ya maji.

Maana alirudi. Alichukua miwani yake juu ya kabati, nikasimama mlangoni.

"Nasoro, daktari alisema nini?"

"Nilimsikia dada. Sasa watoto wangu wale kikao cha kamati?"

Nilimpisha. Ningemfunga kamba?

Baada ya siku kadhaa, baada ya alasiri, Nahodha akaja nyumbani. Kanzu safi, kofia, ubani unanukia. Tukamkaribisha barazani, kahawa akaikataa. Nasoro alikuwapo, mama alikuwa ndani nyuma ya pazia.

Akasema, "Mwanangu, nimekuja unisitiri."

Akatoa yote. Aliitia Alhamisi jioni. Akasema Ijumaa akishasali ataifuata. Aliposali akalala. Alipoamka bahari imechafuka. Akajiambia malema hulala, nayo italala.

"Mimi ndiye ninayelinda mayai ya kasa," akasema. "Watu wakijua kasa amekufa mkononi mwangu, uso wangu nitauweka wapi?"

Nikamwuliza, "Na sikio la Nasoro tuliweke wapi, Ami?"

Akaahidi kwamba kikao kijacho cha kamati atasimama mwenyewe aseme. Akaomba mpaka hapo nifunge mdomo, asitangulie kusikia habari zake sokoni.

Alipoondoka nilikuwa nataka kwenda kupiga kelele msikitini kwenye kipaza sauti. Mama akanishika mkono. "Mtu amekuja mpaka mlangoni kwako kuomba sitara. Mpe. Kumsitiri Muislamu ni thawabu."

Nikampa. Nikangoja kikao.

Kikao kikafika. Nahodha hakuja! Akatuma salamu ati mgongo unamuuma. Kesho yake asubuhi nikamwona kwa macho yangu akisukuma boti yake, mgongo umenyooka kama mlingoti. Tulipokutana macho akajifanya anatafuta kitu mchangani.

Hapo nilikuwa na hasira hata chumvi nilikuwa nikiitia mara mbili kwenye samaki. Wateja wakasema.

Na wiki ile ile ndiyo Nasoro alitoka majini akitembea kama mlevi. Wenzake walidhani anafanya mzaha. Akaanguka magoti ufuoni, damu inatoka sikioni inashuka shingoni, anauliza, "Mbona mmenyamaza? Semeni basi." Nao walikuwa wakimpigia kelele.

Tukaenda kwa daktari yule yule. La kushoto limekwenda. La kulia limebaki, na akaambiwa asiliweke tena chini ya maji.

Nitasema wazi: nililia barabarani Ukunda mbele ya watu, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira ya kuona kitu kikubwa namna ile kimeharibika ili mzee mmoja asione haya.

Kikao kilichofuata nilikwenda mapema, nikakaa mstari wa mbele kwenye banda la ufuo. Nahodha akaja, nadhani alifikiri nimeshapoa. Akanisalimu. Nikamwamkia, "Shikamoo Ami," akaitika marahaba. Adabu yangu sikuiacha nyumbani.

Ilipofika zamu ya wenye neno nikasimama.

"Mwenyekiti, mlisema sikuwapo. Ni kweli. Basi leo sitasema kitu, nitauliza tu. Nahodha Mbwana, sikuapishi na sikutukani. Nyavu yetu siku ile, uliitia na kuitoa, ama ililala?"

Nikasikia mtu akikohoa.

Mwenyekiti akasema, "Nahodha, umeulizwa."

Akatazama miguu yake. Wakwe zake wote wawili walikuwa wamesimama nyuma pale, hakuna aliyekwenda nyumbani safari hii.

"Ililala," akasema.

"Siku ngapi?" mwenyekiti akauliza.

"Tangu Alhamisi."

Basi. Neno hilo ndilo nililokuwa nikilidai muda wote ule. Halikumuua. Hakuna aliyemtemea mate, hakuna aliyemfukuza. Mzee mmoja hata alimpapasa bega. Ningejua litakuwa rahisi hivyo ningelilipua siku ile ile barazani na kahawa aliyoikataa ikipoa.

Kamati ikajadili, nyavu ikarudishwa kwa masharti mapya. Haitiwi majini Alhamisi jioni. Mwenye nyavu lazima awe ndani ya boti. Haiachwi peke yake hata kidogo. Nahodha akavuliwa usimamizi wa mayai ya kasa, na hilo silo nililoliomba, lakini sikulipinga.

Tulipotoka, mama mmoja wa heshima, rafiki yake mama yangu, akanivuta pembeni. "Mwanasha umefanya vibaya. Mtu alikuja kwako kwa siri, nawe umemvua nguo mbele ya watu."

Nikamwambia mimi nimeuliza swali tu. Na bado ananinunia mpaka leo, akipita kwenye karai langu ananunua kwa jirani.

Haya wakuu, yaliyo ya kujifunza kwa mtazamo wangu.

Mwenye nyavu hizi asimkabidhi mtu kwa sababu ni mtu mzima na anajua bahari. Kujua malema ni kujua malema. Kila mtego una tabia yake, na asiyetaka kujifunza tabia ya mtego mpya asishike, hata kama amezaliwa ndani ya boti. Kama huwezi kukaa nayo mpaka uitoe, iache juani, haitaoza.

Ijumaa mkasali, jamani, nani amekataza? Itoeni Alhamisi mchana, mlale usingizi wa raha. Msimsingizie Mungu uvivu wenu.

Na sitara ina mipaka yake. Kumsitiri mtu aibu yake ni kitu kimoja. Kumsitiri huku mwingine anaumia kila siku kwa sababu ya kimya chako ni kitu kingine, na sidhani kama kina thawabu. Masheikh wa humu mnisahihishe kama nimepotoka.

Wenye nyavu za matabaka matatu kuanzia Tiwi mpaka kwetu, niandikieni: mnaziacha majini muda gani, na kasa akinasa mnamfungua vipi bila kumjeruhi? Nasoro sasa ndiye anayekaa kwenye boti na anataka kujua kila kitu. Maswali ya fundi na uzi yawekeni hapa hapa, nitajibu nikishamaliza kukaanga.

Na wale mnaokuja kuniambia kwamba mtu mzima husitiriwa, karibuni, komenti ni bure. Lakini kwanza piteni nyumbani kwetu, mumwite Nasoro kwa upande wa kushoto.